Baba Ottilia Yuko Karibu

Jumamosi stendi ya Mbinga haina adabu. Mtu anakukanyaga, halafu yeye ndiye anayekuuliza kwa nini hutazami unakopita. Lukresia alikuwa amekanyagwa mara mbili tangu ashuke kwenye bodaboda, na viatu vyake vyeupe vilishaanza kuchukua rangi ya udongo wa Mbinga, ambao ukipanda kwenye kiatu hauna haraka ya kushuka. Alivaa sketi ya kitenge cha bluu chenye maua ya njano, imemkaa kiunoni kama ilipimwa akiwa amelala, na juu blauzi nyeupe iliyofungwa mpaka kifungo cha mwisho. Alikuwa karani wa parokia, na karani wa parokia watu humhesabia vifungo. Parokia ipi, tuiache. Padri wake bado yupo, na kusoma anajua.

Alijipenyeza mpaka kwenye banda la Joakim, muuza chaja na vioo vya simu.

"Kaka Joakim, ile bluetooth ya kuchomeka kwenye kompyuta imekuja?"

"Imebaki moja tu, dada. Hii hapa."

Kilikuwa kidude kidogo kama ukucha wa dole gumba.

"Hii? Hii si flashi iliyokatwa mkia?"

Kabla hajaigusa, mkono mwingine ulipita juu ya bega lake ukaichukua. Mkono mrefu, msafi, ila ukinusa vizuri utasikia usipa kwa mbali, kama mtu aliyeoga baada ya samaki lakini samaki hawajakubali.

"Samahani dada, hii niliiagiza mimi."

"Uliiagiza kwa nani? Jina lako limeandikwa wapi?"

"Joakim, mwambie."

Joakim alitazama paa la banda. "Mimi niliagizwa na watu wawili, mzigo ukaja na kimoja. Mkikioa pamoja shauri yenu."

Lukresia aligeuka amtazame huyo mwizi. Kijana wa makamo, shati la mikono mirefu limekunjwa mpaka kwenye kiwiko, macho ya mtu anayecheka kabla ya utani kwisha. Jina lake Osward, Mfipa kutoka ziwa la upande wa pili, ziwa Tanganyika, aliyeletwa na serikali kuwa afisa uvuvi Mbamba Bay.

"Wavuvi wangu wananiletea takwimu kwenye simu," alisema. "Bando hawana. Kompyuta ya ofisi haina bluetooth. Nafanyaje?"

"Na mimi makatekista wananiletea picha za vitabu vya ubatizo kutoka vigangoni. Bando nao hawana. Samaki wako wasubiri."

"Watoto wameshabatizwa, dada, hawaharibiki. Wanaooza ni samaki."

Lukresia alitaka kununa, mdomo ukamsaliti. Osward aliuona ule mdomo, na mwanamume akishaona hivyo huwa amekwisha, hata kama atachelewa kujua.

"Kompyuta yako ya mwaka gani?" aliuliza kwa sauti nyingine.

"Aliiacha Padri aliyetangulia. Na huyo aliondoka na ndevu nyeupe."

"Basi haitaitambua hii hivi hivi. Inataka programu yake kwanza. Kwenye boksi kuna sidii. Sehemu ya sidii inafunguka?"

"Ilikufa."

"Basi ukiichukua leo umenunua kibanio cha nywele." Akaiweka kiganjani mwake taratibu. "Chukua. Mimi nitakuja Jumamosi ijayo na programu kwenye flashi, nikuwekee. Ila nitahitaji namba yako, nisije nikapotea njia."

"Kanisa lina mnara. Utapoteaje na unaliona?"

"Napotea kirahisi sana."

Alimpa namba.

Jumamosi iliyofuata alikuja kweli. Aliweka programu, akachomeka kile kidude nyuma ya kompyuta, taa ndogo ya bluu ikawaka. "Leta simu yako tujaribu, yangu imezima njiani." Jina *Lukresia* likajitokeza kwenye kioo cha kompyuta, picha ya ukurasa wa ubatizo ikavuka hewani kutoka kwenye simu bila waya, bila bando, bila senti, na Padri Romanus akasema kwamba sasa anaelewa kwa nini watu wanaacha kuamini miujiza. Kazi ya nusu saa Osward aliifanya kwa saa nne. Akapewa ugali na maharage. Akarudi Jumamosi nyingine kukagua kama taa bado inawaka.

Tusiwachoshe watu na miezi. Ilikuwa simu asubuhi, simu jioni.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula mbasa mkubwa, amebaki mkia. Nikutumie kwa bluetooth?"

"Haifiki huko. Mita kumi tu."

"Basi nihamie mita kumi."

Maneno kama hayo yakipigwa mwaka mzima huishia mahali pamoja. Barua ya posa ilifika nyumbani kwa kina Lukresia, Mapera, wakati kahawa ikiwa juani, ikajibiwa. Harusi ikapangwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Kanisani tangazo la kwanza la ndoa likasomwa, likasomwa la pili, likabaki la tatu. Aliyekuwa akiyachapa kwenye ile kompyuta ni Lukresia mwenyewe. Alipofika kwenye jina lake alikuwa akikaa wima kidogo, kama vile anapigwa picha.

Mtu mmoja tu hakucheza ngoma hiyo kwa miguu yote miwili. Shangazi Hildegardi, dada wa baba yake, mama mnene mwenye mwavuli wa masika na kiangazi.

"Simkatai mkwe," alikuwa akisema huku akichambua mboga. "Namwuliza tu. Watumishi wa kuja wanashuka hapa na begi moja. Unafikiri wanavyo vya begi moja tu? Yule Stella wa jirani yetu alivalishwa pete na bwana ardhi. Asubuhi ya sendofu, gari la Songea likashusha mwanamke na watoto wawili, wanauliza ofisi ya baba yao iko wapi. Stella kavaa gauni la pinki, nywele zimesukwa, keki iko mezani. Nimeila ile keki mimi, kwa sababu nani angeila? Ilikuwa chungu."

"Osward siye bwana ardhi, shangazi."

"Najua. Huyu ni bwana samaki."

Lukresia alicheka. Lakini kicheko cha siku ile hakikufika tumboni.

*

Alhamisi kabla ya tangazo la tatu, Osward alipanda mlima kutoka Mbamba Bay akiwa na orodha ya wageni wa upande wake, ameiandika kwa mkono na kuipiga picha. Ofisini walikuwa wawili tu. Nje mama mmoja alikuwa akifagia uwanja.

"Nitumie niichape," Lukresia alisema.

"Bando limekwisha, mpenzi."

"Washa bluetooth basi, nikutafute."

Osward alishusha kioo cha simu kwa kidole, akagusa, akakaa kwenye benchi la wageni akipiga mluzi. Lukresia alibonyeza kitufe cha kutafuta. Duara likazunguka. Likaja jina la simu yake, *Lukresia*. Kisha chini yake likaja la pili.

*Baba Ottilia.*

"Imeniona?" aliuliza Osward.

"Bado inatafuta."

Alichungulia dirishani. Mama wa ufagio, basi. Hakuna baba, wala wa Ottilia wala wa nani.

"Osward, nichotee maji kwenye lile tenki nyuma ya ukumbi. Koo limenikauka."

Alikwenda na jagi. Lukresia akatafuta upya. *Lukresia.* Peke yake. Duara likazunguka na kuzunguka, halikuokota kitu. Alisikia viatu vikirudi kwenye kokoto, mluzi ukikaribia, mlango ukafunguka, na *Baba Ottilia* akapanda kwenye kioo kama mtu aliyekuwa amejificha chini ya meza.

Alikunywa maji yote bila kupumua.

"Sasa nitazamie kama bodaboda yangu imefika pale getini."

"Saa hizi?"

"Nitazamie tu."

Akaenda. Jina likafutika. Akarudi. Jina likarudi.

"Mpenzi, leo unanipeleka na kunirudisha kama mbuzi wa mnadani. Kuna nini?"

"Mashine imekataa," alisema Lukresia, na kioo akakizima. "Niachie karatasi, nitaandika kwa mkono."

Mwanamke mwingine angeuliza palepale. Angesema, "Wewe, Ottilia ni nani?" na kesi ingekwisha kabla maji hayajakauka kwenye glasi. Lakini Lukresia alikuwa amekulia kwenye hadithi ya keki chungu. Kwake yeye, mwanamume anayeulizwa ni mwanamume anayepewa nafasi ya kujipanga. Akaamua kumtega.

Ijumaa jioni alipiga simu mwenyewe.

"Mpenzi, nimefikiria. Tukipata binti wa kwanza, tumwite nani?"

Osward alicheka. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wakivuta wavu. "Umefika mbali. Wewe unapenda jina gani?"

"Ottilia."

Kicheko kilikatika kama kimekatwa na kisu.

"Hilo hapana," alisema. "Chagua lolote jingine. Hilo hapana kabisa."

"Kwa nini?"

"We acha tu, Lukresia. Hilo jina lina mambo yake, nita..."

Mtandao ukakatika. Pale ufukweni unakatika kila siku, kwa kila mtu, kwa sababu yoyote na bila sababu. Lakini siku hiyo Lukresia aliamini umekatwa na mkono. Simu ikaita. Akaitazama ikiita. Ikaita mara ya pili. Akaifunika na mto.

Jumamosi alichapa matangazo. Jozi nne. Ya tatu ilikuwa yao: Osward, wa Sumbawanga, sasa mkazi wa Mbamba Bay, na Lukresia, wa Mapera. Aliisoma mara mbili. Akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta na kukibonyeza, herufi moja moja, kutoka nyuma kwenda mbele, mpaka ya kwanza. Karatasi ikatoka na jozi tatu. Aliikunja, akamkabidhi Katekista Pankras, ambaye tangu ujana wake husoma alichopewa na hajawahi kuuliza kilichobaki.

*

Jumapili kanisa lilijaa. Baba mdogo wa Osward, mzee Sebastian, alikuwa ametoka Sumbawanga siku mbili njiani ili asikie kwa masikio yake tangazo la mwisho la mtoto wa kaka yake. Alikaa benchi la pili, koti la kahawia, shati limefungwa mpaka kooni, kofia magotini. Osward kando yake, shati la samawati lililopigwa pasi mpaka likatoa mistari. Alimtafuta Lukresia kwa macho kwenye upande wa kina mama. Lukresia alivaa gauni la kijivu. Alikuwa anahesabu vigae.

Pankras alipanda, akakohoa, akafungua karatasi.

"Matangazo ya ndoa."

Akasoma jozi ya kwanza. Akasoma ya pili. Mzee Sebastian akanyoosha koti na kuinua kidevu, tayari kutazamwa. Pankras akasoma ya tatu, watu wengine kabisa, kijana wa kigango cha mbali na binti wa mwalimu. "Mwenye kujua kizuizi chochote, kwa dhamiri yake, amwone Padri." Akakunja karatasi. "Tusimame."

Hakuna aliyesimama mara moja. Minong'ono ilianzia nyuma ikasogea mbele kama maji yanayoingia ndani ya nyumba. Vichwa viligeuka, kwanza kwa Osward, kisha kwa Lukresia, kisha tena kwa Osward. Mzee Sebastian bado alikuwa ameinua kidevu. Hakujua akishushe vipi.

Baada ya misa Osward alimkuta kwenye ngazi za pembeni.

"Lukresia. Jina letu liko wapi?"

"Muulize Baba Ottilia."

"Nani?"

"Baba Ottilia. Mnajuana vizuri."

"Simjui mtu kama huyo. Wewe ndiye unayechapa. Nani amelitoa?"

"Mimi."

Osward aligeuka. Nyuma yake baba yake mdogo alikuwa amesimama peke yake kwenye uwanja uliojaa watu, kofia mkononi, akijifanya anasoma ubao wa jumuiya.

"Mzee amelala kwenye basi siku mbili," alisema Osward polepole. "Kama una neno na mimi, ulikuwa na namba yangu." Akashuka ngazi.

Saa hiyohiyo Padri Romanus alimwita ofisini, hakumwambia akae.

"Nani alifuta?"

"Mimi, Padri."

"Una kizuizi?"

"Ninacho. Ila sijakithibitisha."

"Hujakithibitisha na umeshakitangaza kwa kanisa zima." Alivua miwani. "Bila tangazo la tatu, Jumamosi sifungishi. Jumatano inayofuata ni Majivu, na Kwaresima sifungishi pia. Nenda kathibitishe. Kama ana mke, nitamshukuru Mungu kwa kidole chako. Kama hana, sijui utamwambia nini."

*

Jumatatu Shangazi Hildegardi hakungoja kualikwa. Saa nne asubuhi walishuka Mbamba Bay, shangazi mbele, mwavuli umeelekezwa kama bunduki. Wakaanza na nyumba ya Osward. Jirani aliwafungulia. Kitanda kimoja, sufuria mbili, mashati matano kwenye kamba. Shangazi aliinua godoro.

"Unatafuta nini, mama?" jirani aliuliza.

"Kibanio," alijibu shangazi. "Wanawake huwa wanasahau vibanio." Hakukipata, na akaonekana amekasirika kidogo.

Osward walimkuta ufukweni, kwenye buti za mpira, akimpima mbasa kwa rula huku wavuvi wakibishana naye. Alipowaona alimweka samaki chini, akanawa mikono ziwani, akaja.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sikuja kwa salamu. Ottilia ni nani?"

Osward akamtazama Lukresia. "Sasa naulizwa. Ottilia ni sista aliyenifundisha hesabu darasa la nne. Alinichapa mpaka leo nikilisikia hilo jina nakaza makalio. Nilitaka kukueleza, simu ikakatika, nikapiga mara mbili hukupokea. Kwa ajili ya huyo sista ndiyo mmemwaibisha baba yangu?"

"Siyo sista," alisema Lukresia. "Simu yako. Alhamisi niliitafuta kwenye kompyuta, ikasema inaitwa Baba Ottilia. Nikakutuma maji, ikapotea. Ukarudi, ikarudi. Nikakutuma getini, vilevile. Niambie basi mimi ni mjinga."

Osward alitoa simu mfukoni, akaitazama kama anaiona mara ya kwanza. Aligusa hapa, akagusa pale. Alikuwa mtu anayejua kuweka programu kwenye kompyuta za watu, lakini jina la simu yake mwenyewe hakuwahi kuliona, kwa sababu simu hailionyeshi kwa mwenyewe bali kwa wengine. Mwishoni akalipata, chini kabisa, mahali pa kuhusu simu. *Jina la kifaa: Baba Ottilia.*

Alikaa juu ya tangi tupu la mafuta.

"Hii simu niliinunua kwa Baltazar," alisema. "Daktari wa mifugo tuliyekuwa naye ofisi moja. Alipohamishwa Kyela aliniuzia. Miaka miwili sasa natembea na jina la mtu."

"Hadithi nzuri," alisema Shangazi Hildegardi. "Bwana ardhi naye alikuwa na nzuri."

Osward alilitafuta jina la Baltazar kwenye simu. Akapiga namba, akafungua sauti ya nje, akaishika simu mbele ya mwavuli. Iliita muda mrefu. Akapokea mtoto.

"Halo. Baba yuko zizini, anamdunga ng'ombe sindano."

Shangazi alijisogeza karibu. "Mwanangu, hujambo? Wewe ni nani?"

"Sijambo, shikamoo. Mimi Ottilia."

"Marahaba. Na baba yako anaitwa nani?"

"Daktari Baltazar. Ila mama anamwita wewe."

Wavuvi, ambao wakati huo walikuwa wameacha samaki wao na kusogea kama kwenye mkutano, waliangua kicheko. Shangazi alimwambia mtoto asome sana, akarudisha simu, akafungua mwavuli ingawa jua halikuwa kali, akajifunika uso nao.

Lukresia alitembea hatua mbili kumfuata Osward. "Nisamehe. Nitamwambia Padri leo hii. Tutaanza upya baada ya Pasaka."

Osward alikuwa anaifuta simu kwenye shati, mahali pakavu.

"Siku ngapi ulikaa na hilo jina?" aliuliza.

"Tangu Alhamisi."

"Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Siku tatu. Ukaiuliza kompyuta, ikakujibu. Ukanitembeza na jagi ili uiulize tena, ikakujibu. Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi, hatua tatu kutoka kwako, na hukuniuliza."

"Niliogopa."

"Najua. Na mimi sasa naogopa." Alisimama. "Mzee alipanda gari jana mchana. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba kwetu binti akikataa hukataa nyumbani, hakatai kanisani. Baada ya Pasaka sijui, Lukresia. Usinisubiri kwenye karatasi."

Akarudi kwa yule mbasa, akaokota rula. Wavuvi wakatawanyika, hakuna aliyecheka tena.

*

Kwaresima ya mwaka ule ilikuwa ndefu. Lukresia alipiga, Osward alipokea. Alijibu kila alichoulizwa na hakuuliza chochote. "Nimekula." "Sijambo." "Ziwa limechafuka." Mtu akikununia kwa kelele unajua pa kumshika. Huyu alikuwa mpole, na upole wake ulimkondesha Lukresia mpaka ile sketi ya kitenge ikaanza kuzunguka kiunoni.

Juma la tatu aliomba namba ya mzee Sebastian. Osward alimpa bila neno. Alipiga akiwa amepiga magoti sakafuni, ingawa simu haioni magoti.

"Shikamoo, baba. Ni mimi Lukresia."

"Marahaba."

"Ni mimi niliyefuta. Mtoto wako hana kosa. Niliona kitu nikakihukumu bila kumuuliza. Sikupigii ili umrudishe kwangu. Nimepiga kwa sababu ulikuwa umeinua kidevu, na mimi nilikuona, nikatazama vigae."

Mzee alipumua. "Gari lile lina siti mbovu sana," alisema hatimaye. "Nikija tena, nitataka nilipiwe siti ya mbele." Akakata.

Lukresia hakumwambia Osward. Kama mzee alisema, alisema mwenyewe.

Jumamosi baada ya Pasaka aliketi ofisini akichapa matangazo ya kesho. Jozi mbili. Osward alikuwa ameambiwa ni leo, hakuahidi kuja. Padri Romanus alikuwa pembeni na daftari lake la wachumba. Saa nane ilipita. Saa tisa ikapita. Pankras aliingia kuchukua karatasi, akaambiwa asubiri kidogo, akasubiri mlangoni akitazama miguu yake. Shangazi Hildegardi alikuwa nje chini ya dirisha, anasema amekuja kusali.

Saa tisa na nusu mlango ukasukumwa. Osward alikuwa na vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Hakumwamkia Lukresia. Alimwamkia Padri, akakaa kwenye benchi.

"Nimekuja kuandikishwa," alisema.

Padri alifungua daftari, akalitazama, akalifunga. Akalisukuma mezani mpaka mbele ya Lukresia.

"Muulize wewe."

"Padri, haya maswali ni yako."

"Safari hii siyo. Muulize. Ukimtazama."

Lukresia alifungua daftari. Herufi zilikuwa zinacheza. Aliinua macho, na ikamchukua muda kuyafikisha.

"Umewahi kufunga ndoa?"

"Sijawahi."

"Una mtoto popote?"

"Sina."

"Kuna mtu unayemwambia maneno unayoniambia mimi?"

"Hilo halimo kwenye daftari," alisema Padri.

"Mwache," alisema Osward. "Hakuna."

Lukresia alishusha kidole kwenye ukurasa. Swali lililobaki lilikuwa moja, nalo ndilo alilokuwa akiliogopa Kwaresima nzima.

"Unaingia kwenye ndoa hii kwa hiari yako?"

Osward alitazama mikono yake, akatazama dirisha, ambako mwavuli ulikuwa umesimama bila kutikisika. Lukresia alianza kulifunga daftari taratibu, ukurasa kwa ukurasa.

"Uliza tena," Osward alisema.

"Unaingia..." Akaanza upya. "Osward. Unanitaka bado?"

"Ningekuwa sikutaki ningekuambia Mbamba Bay, siku ile, nimeshika rula. Nilikuwa nangoja uniulize." Akasimama, akaja upande wake wa meza. "Ndiyo. Kwa hiari. Andika."

Lukresia aligeukia kompyuta, lakini hakuweza kuandika. Osward alimsogeza kwa bega, akakaa kwenye nusu ya kiti, na kwa kidole kimoja, taratibu kama mtu anayeokota mawe kwenye mchele, akaanza kuchapa majina yao, la Lukresia likitangulia.

"Mbona kimya humo ndani?" ilisema sauti chini ya dirisha. "Au mmeshafungishana? Mimi gauni bado liko kwa fundi."